Neptune Frost: nimeitazama mara tatu, hadithi sijaishika, na bado naipenda. Nisaidieni wakuu

#1 Mwana_Ngamiani
Habari za jioni wakuu.

Nina jambo linanisumbua wiki ya pili sasa. Kuna filamu inaitwa Neptune Frost, ya 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman. Nimeitazama mara tatu, usiku, taa nimezima. Ukiniuliza inahusu nini nitakwambia hivi: kuna mchimba koltani, madini yanayotumika kwenye simu, anaitwa Matalusa, ndugu yake Tekno anauawa na mlinzi pale mgodini, naye anaondoka. Kuna mwingine anaitwa Neptune, huyo naye ametoroka kwao. Wanaotana kabla hawajakutana. Kisha wanakutana kwenye kijiji kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta, huko milimani Burundi, na vijana wa kijiji hicho wanadukua mtandao wa dunia nzima. Basi, hapo ndipo ninapoishia. Nani anamwota nani, kipi kimetangulia, na kile kijiji kiko duniani au kiko upande wa pili wa kitu fulani, sijui.

Lakini imenikaa. Naosha vyombo huku naimba nyimbo ambazo maneno yake siyajui. Juzi nimepita kwa fundi redio wa mtaani, nikaona rundo la mabamba ya saketi, yale ya kijani, nikasimama kulitazama kama mtu aliyeona vito. Mimi siku zote ni mtu wa hadithi: nani kamfanya nini nani, na ikaishaje. Filamu isiyo na kichwa wala miguu huwa siifikishi nusu saa. Hii nimeirudia mara tatu.

Mtu anaweza kweli kupenda kitu ambacho hajakielewa? Au kuna mahali nimeelewa bila kujua? Walioiona karibuni. Tafadhali mwisho msiuseme.

#2 Kaka_Mdogo
Mimi nilifika dakika ya 40 nikalala. Nikaota nimevaa koti la funguo za kibodi kama la yule jamaa. Kwa hiyo sijui tuseme nimeiona au sijaiona.

#3 Mwanaapolo_Mstaafu
Dada #1, nitasema wazi na usinikasirikie. Nimeiona yote. Mimi nimefanya kazi Mererani miaka saba, nimeshuka shimoni, najua vumbi lile likikaa kifuani linavyokohoza. Nilipoona filamu imeanzia mgodini nilikaa vizuri kabisa. Nikasema leo tutasemwa. Baada ya hapo ikawa ndoto juu ya ndoto, watu wenye nyaya kichwani, mashairi. Mchimbaji amekufa, na kifo chake kimegeuzwa pambo.

Mimi naona hadithi isipoeleweka kosa ni la msimuliaji. Tunaisifu kwa sababu Wazungu waliipigia makofi kule Cannes, kwenye tamasha la filamu. Ingekuwa imetengenezwa na kijana wa Kariakoo bila jina, tungesema hajui kazi.

#4 Ustadh_wa_Riwaya
Salamu. Bwana #3 ana hoja, lakini jambo hili si geni kwetu hata kidogo. Mimi nafundisha fasihi ya Kiswahili. Euphrase Kezilahabi alitupa Rosa Mistika mwaka 1971, hadithi iliyonyooka, kila mtu akalia na Rosa. Halafu 1990 akatupa Nagona, na mwaka uliofuata Mzingile. Fungua Nagona: msimulizi anatembea kwenye mji uliokufa, anakutana na wanafalsafa akina Plato na Nietzsche, watu wanasubiri Ngoma Kuu. Wanafunzi wangu kila mwaka wananiuliza, "Mwalimu, hii inahusu nini?" Na kila mwaka wapo wawili watatu wanaobaki darasani wenzao wakitoka, wakaomba wasome tena ile sura. Hao hawajaelewa zaidi ya wenzao. Wameshikwa tu.

Nilivyoona mimi, Kezilahabi hakushindwa kusimulia, maana alishatuonyesha kwamba anaweza. Alifika mahali ambapo hadithi iliyonyooka haikutosha kubeba alichotaka kusema. Nadhani Neptune Frost iko hapo hapo. Mgodi, utumwa, intaneti, ukoloni, jinsia, kila kimoja kina historia yake, na filamu inataka uvione vyote kwa mara moja. Ukivipanga foleni vinakuwa somo la uraia.

#5 Mwana_Buyenzi
Ndugu zangu, mimi ni Mrundi wa Buyenzi, Bujumbura, sasa niko mbali na nyumbani. Naomba nisahihishe kidogo.

Hadithi inakaa Burundi, lakini picha zote zilichukuliwa Rwanda. Burundi haikuwezekana. Baada ya machafuko ya 2015 vijana wengi wetu, wanafunzi na wasanii, walikimbilia Kigali, na baadhi yao ndio mnaowaona humo. Huyo Matalusa mwenyewe ni Bertrand Ninteretse, sisi tunamjua kwa jina la Kaya Free, mwanamuziki wetu.

Jingine: mnasema nyimbo hamzielewi. Mimi nilizielewa nusu, na nililia kwenye hiyo nusu. Humo kuna Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, na watu wanaruka kutoka lugha hadi lugha ndani ya sentensi moja kama tunavyofanya sokoni kwetu. Maandishi ya chini yanakupa maana moja, yanaacha tatu.

Na ngoma. Ndugu #3, zile ngoma za mgodini si pambo. Ngoma zetu za kifalme ziliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014. Oktoba 2017 ikaja amri ya rais: wanawake wasipige, na ngoma zisipigwe nje ya sherehe zilizoruhusiwa. Sasa wewe fikiria Mrundi anayeona ngoma zinapigwa mbele ya maiti ya mchimbaji, mbele ya mlinzi mwenye bunduki, bila kibali cha mtu. Sikuhitaji mtu aniambie hadithi inaelekea wapi.

#6 Mwana_Ngamiani
Asante sana dada #5. Hilo la ngoma limenishtua. Nilikuwa nazisikia tu kama ngoma nzuri.

Nikiri na jambo jingine. Mara ya kwanza nilidhani Neptune ni watu wawili. Mwanzo anaigizwa na Elvis Ngabo, baadaye na Cheryl Isheja, na hakuna mtu kwenye filamu anayesimama kukwambia "sasa amebadilika". Nilikaa nusu saa nasubiri yule wa kwanza arudi. Ni mara ya pili ndipo nikatambua ni mtu mmoja, huntha, mwenye jinsia mbili. Na nilipotambua sikuona kama nimedanganywa. Nilijisikia kama nimekutana na mtu aliyenivumilia mpaka nikamjua.

#7 Fundi_Saketi
Ngoja nirekebishe jambo kabla halijazoeleka, maana nimeliona kwenye nyuzi nyingine za filamu hii. Watu wanasema koltani inatengeneza betri za simu. Hapana. Koltani inatoa tantalamu, na tantalamu inatumika kwenye kapasita, vile vidude vidogo vinavyotunza chaji kwenye bamba la saketi. Betri ni habari ya kobalti na lithi. Madini tofauti, hata maeneo ya kuchimba ni tofauti. Koltani kwa Wakongomani nenda Masisi, Rubaya. Rwanda pia inachimbwa. Mwaka 2000 bei yake ilipanda vibaya sana kwa sababu viwanda vya simu na michezo ya video viliitaka kwa pamoja, na huko Kivu watu wakaacha mashamba wakaenda kuchimba.

Sasa kuhusu kutoelewa. Mimi kazi yangu ni bamba, na nadhani filamu ile imejengwa kama bamba. Ukishika bamba huulizi kipi kilianza na kipi kikafuata. Umeme uko kila mahali kwa wakati mmoja. Ndiyo maana Neptune anapofika kijijini mitambo inaamka, kwa sababu kiungo kilichokosekana kimepatikana. Dada #1 unatafuta mstari kwenye kitu ambacho ni wavu.

#8 Mwanaapolo_Mstaafu
#7 nakushukuru kwa koltani. Hilo la wavu ni maneno matamu lakini halinishibishi. Bamba lisipofanya kazi wewe unapima njia moja moja mpaka unakuta penye hitilafu, au sivyo? Basi na filamu tuipime hivyo hivyo.

#5 dada yangu, pole na safari. Sikujua habari ya amri ile. Lakini ona, umelazimika kutueleza. Mchimbaji wa Geita asiyekujua wewe ataijulia wapi?

#9 Mama_Sauda
Wanangu, mimi sijaiona hiyo filamu ila uzi huu nimeusoma wote, na nina la kusema.

Nimekulia Unguja. Tulikuwa tunakwenda Majestic kutazama sinema za Kihindi. Kihindi hatukijui hata neno la kuombea maji, na maandishi ya Kiingereza yalikuwa yanapita kabla hujayasoma. Tulilia, tulicheka, tukarudi nyumbani tunaimba zile nyimbo mpaka asubuhi. Kila mmoja alikuwa na hadithi yake. Dada yangu alisema yule baba ni katili, mimi nikasema ni masikini amebanwa. Tuligombana wiki nzima juu ya picha ambayo hatukuielewa sote wawili.

Na taarabu je? Shairi linaimbwa, ukumbi mzima unajua kuna mtu anapigwa, lakini ni nani? Watu wanainuka kutunza. Huyu anatunza kwa sababu anadhani amesemewa, yule anatunza kwa kuwa anadhani mwenzake ndiye aliyesemwa. Aliyelitunga anajua peke yake. Hatukuwahi kusema kosa ni la mwimbaji. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, ndivyo tulivyofunzwa, lakini mie nimeona wajinga wengi wakifurahi kuliko werevu.

Kwa hiyo mwanangu #1 huna ugonjwa wowote. Umekaa ukumbini tu.

#10 Kimathi_Street
Shikamoo Mama Sauda, umenikumbusha mbali. Sisi huku Nairobi tungeipeleka kwa DJ Afro, yule anayesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, aisimulie. Ingekuwa imeeleweka ndani ya dakika tano: "huyu Matalusa ameapa, lazima mwenye mgodi alipe!" Na Neptune angepewa jina la mtaa.

Lakini nafikiri tungekosa kitu. Zile kimya zake. Kuna mahali hakuna anayesema, ni taa tu za rangi kwenye uso wa mtu. Hapo DJ angesema nini?

Mwenye kupenda hii atafute pia Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya 2009. Ni fupi, dakika ishirini na kitu, Afrika Mashariki ya baadaye isiyo na maji. Haichanganyi hivi, lakini utaona ni ukoo mmoja.

#11 Mtoto_wa_Katuba
Jambo bote. Miye ni wa Lubumbashi, mnivumilie Kiswahili yangu.

Mama #9 amesema kweli. Mimi naongeza filamu ingine, Augure, ya Baloji, ya 2023. Baloji alizaliwa hapa kwetu akakulia Ubelgiji. Iko Kiswahili chetu ndani yake, na Lingala na Kifaransa. Kijana anarudi kwao na mke wake Mzungu, uso wake iko na alama ya kuzaliwa, na familia inasema alama ile ni ya shetani. Anabeba mtoto wa dada yake, pua yake inatoka damu juu ya mtoto, na hapo inaanza. Kisha inaingia kwa watu wengine, batoto ba barabarani benye kuvaa magauni, na unapotea. Ilipata tuzo ya sauti mpya kule Cannes, kwa kitengo cha Un Certain Regard. Na tazameni: mwigizaji Eliane Umuhire iko ndani ya zote mbili. Kwa Neptune Frost yeye ndiye Memory.

Nilitazama pamoja na mama yangu. Nilifikiri atasema hii ni wazimu. Yeye akasema, hapana, ni sawa vile mambo yanapitaka kwetu: unaota, unaamka, mtu anakuja kukupa habari ya ile ndoto, na hamna mwenye anauliza imewezekanaje. Miye, niliyesoma sana, ndiye sikuelewa.

Na #7, kobalti ni ya huku kwetu, Kolwezi. Asante kwa kutofautisha. Watu banatuchanganya kila siku.

#12 Nyamirambo_Damu
Muraho, na habari zenu. Naongea kutoka Kigali. Machache.

Moja, #3 na wengine mnazungumza kana kwamba filamu ni ya Mmarekani. Anisia Uzeyman ni Mnyarwanda, ameongoza sawa na mumewe, huyo Saul Williams Mmarekani, na kamera ameishika yeye. Rangi zile zinazowakaa kichwani ni jicho lake. Mavazi na kijiji ni kazi ya Cedric Mizero, msanii wetu. Nyaya, kibodi, vipande vya baiskeli, amevitumia kama bibi yangu anavyotumia ukindu. Sisi wa hapa hatukuona maajabu ya sayari nyingine. Tuliona takataka tunazozijua zimeheshimiwa.

Mbili, kuna mwimbaji Cécile Kayirebwa humo ndani. Kwa Mnyarwanda yeyote wa rika la wazazi wangu, akitokea Kayirebwa kwenye picha huna haja tena ya hadithi. Ile ni sauti ya redio ya nyumbani, sauti ya watu waliokuwa uhamishoni.

Tatu, kazi hii ilianza kama muziki. Saul Williams alitoa albamu ya MartyrLoserKing mwaka 2016, na walikuwa wanafikiria mchezo wa jukwaani kabla ya filamu. Kwa hiyo ukiisikiliza kama albamu yenye picha, inanyooka. Ukiitazama kama filamu yenye nyimbo, inapinda. Hayo ndiyo maelezo yangu.

#13 Ustadh_wa_Riwaya
Nashukuru kwa hilo, #12. Na jina lenyewe ni fumbo. MartyrLoserKing ni Martin Luther King aliyesikika vibaya, na kusikika vibaya huko kumezaa maana mpya: mfalme, shahidi, aliyeshindwa. Matalusa ni jina hilo hilo limepita tena kwenye ulimi wa Kiafrika. Mwenye kujua Kiingereza anasikia la kwanza, asiyejua anasikia jina la kijana. Williams ni mshairi kabla ya yote. Alijulikana kwa filamu ya Slam, 1998, na humo pia aliigiza mshairi.

Hata hivyo sikubaliani kwamba ni albamu tu. Albamu isingeniudhi. Hii iliniudhi mahali fulani, na naamini ilikusudia.

#14 Fundi_Saketi
Ilikuudhi wapi Ustadh?

#15 Ustadh_wa_Riwaya
Pale wanaposalimiana "Unanimous Goldmine". Inarudiwa na kurudiwa, kila mtu anaitikia, mimi tu ndiye sijui maana. Mgodi wa dhahabu wa kauli moja? Mgodi uliokubaliwa na wote? Nimejisikia kama mgeni aliyeingia msibani asijue kiitikio.

#16 Kimathi_Street
Mimi nilichukulia kwamba wao wenyewe ndio mgodi. Watu wote pamoja ndio dhahabu, si mawe.

#17 Mwana_Buyenzi
Mimi nilichukulia kinyume. Ni kile ambacho dunia nzima imekubaliana kutuhusu: hawa ni mgodi. Sisi tunalichukua neno hilo tunasalimiana nalo.

#18 Kaka_Mdogo
Nimeirudia jana, sikulala. Kuhusu hiyo salamu niko na #17, kuhusu hadithi niko na Mama Sauda. Lile koti ni zuri hata ukiwa macho.

#19 Mama_Sauda
Mjukuu wangu ameniwekea nusu. Huyo Neptune na viatu vyake virefu kwenye udongo mwekundu, masikini, nilimwonea huruma miguu. Nitaimaliza Ijumaa.

#20 Mwanaapolo_Mstaafu
Nimerudi. Niliwaalika wenzangu wawili tuliofanya kazi shimo moja zamani, nikawawekea, sikuwaambia chochote. Nilitaka kuona kama hoja yangu inasimama.

Mmoja alisema upuuzi, akatoka nje kuvuta sigara, hakurudi. Hoja yangu ikasimama.

Wa pili hakusema neno. Tulipofika kijijini akaniomba nirudishe mwanzo, pale mgodini. Nikarudisha. Akaomba tena. Mara tatu. Nikamuuliza umeelewa nini, akasema hajaelewa chochote, nirudishe tena. Sasa hapo sijui niweke upande gani.

#21 Mwana_Ngamiani
Kaka yangu, usiweke upande wowote kwanza. Muulize alikuwa anaangalia nini pale. Nataka sana kujua.

#22 Mtoto_wa_Katuba
Na miye.

#23 Mwanaapolo_Mstaafu
Nimempigia. Anasema alikuwa anaangalia mikono tu. Nikamuuliza mikono ya nani, ya wapiga ngoma au ya wachimbaji, akasema kwani si watu hao hao? Nilitaka kumuuliza zaidi lakini yuko zamu ya usiku, simu imekatika.